Pampu ipo, alamu ya nini? Maswali yenu kuhusu maji kwenye ngama

Toleo lililopita kuna msomaji aliyekuta boti yake imejaa maji nusu, nikamjibu kwa mstari mmoja tu kwamba afunge alamu ya maji, yaani kifaa kinacholia maji yakipanda, juu kidogo ya pampu. Tangu hapo maswali hayajakatika, na mengi yanaonyesha niliwaacha njiani, kwa hiyo ukurasa wote leo ni wa hiyo alamu. Ngama kwa wasiolizoea neno ni kule chini kabisa kwenye tumbo la boti, juu ya mkuku (ule uti wa chini wa boti), ambako maji yote yanakusanyika.

SWALI: Shikamoo fundi. Boti yangu ni ya faiba, mita 5 na nusu, injini moja ya nje, betri moja. Ina pampu ya ngama yenye swichi ya boya, maji yakipanda inajiwasha yenyewe. Sasa kama pampu ya kujiwasha ninayo tayari, alamu ya nini tena? Si naongeza tu waya za kuharibika?

Marahaba mwanangu. Pampu ya kujiwasha kazi yake ni kutoa maji, haikuambii chochote. Na inapofanya kazi vizuri ndo inakuficha zaidi, maana maji yanaingia, yanatoka, wewe uko kwenye usukani huna habari, unakuja kujua siku pampu imeshindwa na siku hiyo ndo mbaya kuliko zote. Mjomba wangu alikuwa na boti ya mbao iliyokuwa inavuja taratibu kwenye mshono mmoja wa nyuma, pampu ikawa inajiwasha usiku na mchana kwa muda mrefu na sisi tunaona boti kavu tunafurahi, betri ilipochoka usiku mmoja asubuhi tulikuta kimebaki kioo cha mbele tu juu ya maji. Injini, waya, betri, vyote vilikwenda. Pampu haikuwa na kosa hata kidogo, ilifanya kazi mpaka mwisho wake.

Piga hesabu hii. Pampu ndogo inavuta kama ampea 2 au 3. Ikivuta 3 bila kupumzika, betri ya ampea-saa 70 iliyojaa inaenda saa 23 kwenye karatasi, na kiukweli ni chini ya hapo maana betri ikishuka pampu inazunguka kivivu inatoa maji kidogo, maji yanapanda, inazidi kufanya kazi. Hiyo ni pampu nzima na betri nzima. Mfuko wa plastiki ukiingia mdomoni mwa pampu, fyuzi ikikatika, waya ukioza, boya likikwama, basi hata hizo saa huna.

Alafu kuna suala la uwezo. Pampu iliyoandikwa galoni 500 kwa saa, zile galoni za Marekani, ni kama lita 1,900 kwa saa, yaani lita 31 hivi kwa dakika. Namba hiyo imepimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ukishaweka mpira wa mita mbili tatu, ukapinda kona, ukapandisha maji mpaka kwenye tundu la ubavuni, na volti zimeshuka njiani kwenye waya mwembamba, unaweza kubaki na nusu yake. Sasa angalia upande wa pili: tundu la milimita 25, ambalo ndo karibu ukubwa wa tundu la kizibo cha nyuma (kile cha kumwagia maji boti ikiwa nchi kavu) kwenye boti nyingi ndogo, likiwa sentimita 30 chini ya maji linaingiza kati ya lita 40 na 70 kila dakika kutegemea kingo zake zilivyo. Kwa hiyo ukisahau kizibo tu, pampu yako ya 500 imeshashindwa kabla haijaanza. Tuseme zinaingia lita 50 pampu inatoa 20, zinabaki 30, dakika kumi ni lita 300, na lita 300 ni kilo 300 zinazocheza huku na huku chini ya miguu yako. Maji yanayocheza ndani ya boti ni mabaya kuliko mzigo uliofungwa, boti ikilala upande mmoja yote yanakimbilia upande huohuo.

Alamu haitoi hata tone. Inachokupa ni zile dakika kumi, na dakika kumi unaweza kurudisha kizibo, kuvaa jaketi, kugeuza boti.

SWALI: Fundi habari za kazi. Je nikichukua baza (king'ora kidogo cha umeme) nikaiunga kwenye waya wa pampu, pampu ikiwaka baza inalia, si inatosha? Nimeona rafiki yangu kafanya hivyo.

Salama ndugu yangu. Alichofunga rafiki yako ni kitu kizuri ila sio alamu. Ile inakuambia pampu imepata umeme, basi. Boya la pampu likikwama, pampu haiwaki na baza hailii. Fyuzi ya pampu ikikatika, vyote viwili vimekufa pamoja. Yaani inanyamaza kimya siku uliyokuwa unaihitaji.

Mimi ningemwambia rafiki yako abadilishe ile baza aweke taa ndogo kwenye dashibodi, pampu ikifanya kazi taa inawaka. Ukiona inawaka kila baada ya dakika chache wakati zamani ilikuwa mara moja kwa siku, unajua kuna mahali pameanza kuvuja na bado una nafasi ya kutafuta kwa utulivu. Ila alamu yenyewe iwe na boya lake, waya wake na fyuzi yake, isishirikiane na pampu kitu chochote isipokuwa betri. Hapo sina mjadala kabisa.

SWALI: Sawa fundi nimekubali, nataka kufunga mwenyewe wikiendi hii. Niambie hatua kwa hatua, boya nalifunga wapi, waya gani, fyuzi ngapi. Mimi sio fundi umeme ila najua kushika bisibisi.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja, inayokula muda ni kupitisha waya. Anza na mahali pa boya maana hapo ndo watu wanakosea.

Tafuta sehemu maji yanapokusanyika. Boti inayokimbia inainua pua, maji yote yanakuja nyuma, lakini ikisimama imebeba watu mbele yanaweza kuhamia katikati, kwa hiyo mwaga ndoo moja ya maji uone yanakaa wapi boti ikiwa imetulia majini. Weka boya katikati juu ya mkuku, karibu na pampu ya nyuma, limelala sambamba na mkuku sio kukatiza. Ukiliweka ubavuni boti ikilala upande litalia bure au litakaa kavu wakati upande wa pili umejaa.

Urefu sasa. Boya la alamu linakaa juu ya boya la pampu, kwa boti ya saizi yako sentimita 5 mpaka 10 juu ya pale pampu inapowaka. Ukilishusha sana litalia kila pampu inapofanya kazi yake ya kawaida, utachoka utalizima. Ukilipandisha sana litalia betri ikiwa imeshaanza kuogelea. Kipimo changu ni kimoja, angalia kitu cha chini kabisa ambacho hutaki kiguswe na maji, mara nyingi ni betri au viunganishi vya waya, alafu hakikisha alamu inalia mapema kabla maji hayajafika hapo. Na kama betri yenyewe imekaa chini sakafuni, ipandishe kwanza, hiyo ni kazi muhimu kuliko hata alamu.

Usitoboe chini ya boti kutafuta pa kufungia, tafadhali sana. Nshaona mtu katoboa sakafu ya ngama kwa skrubu ndefu akapitiliza mpaka nje, alikuwa anafunga kifaa cha kuzuia maji. Kata kipande cha plastiki ngumu au mbao iliyozibwa rangi vizuri, kigandishe kwa gundi ya boti kwenye ukuta wa taruma (mbavu za ndani za boti), alafu skrubu za boya ziishie kwenye hicho kipande.

Waya: chanya kutoka betri, inapita kwenye fyuzi, inaenda kwenye boya, kutoka boya inaenda kwenye chanya ya baza, na hasi ya baza inarudi betri. Boya likinyanyuka linaunganisha, baza inalia. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 18 kama wanavyosema watu wa viwango vya umeme wa boti, kwa sababu fyuzi inalinda waya ulio mbele yake tu, ukiiweka kule kwenye dashibodi basi mita nne zote za kutoka betri hazina mlinzi. Baza ndogo ya kielektroniki inavuta umeme kidogo mno, sehemu ndogo tu ya ampea moja, fyuzi ya ampea 1 au 2 inatosha. Waya wa milimita mraba 1.5 ni mkubwa kuliko umeme unaopita lakini usishuke chini ya hapo, waya mwembamba kwenye boti unakatika kwa mtikisiko. Chukua ule wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, shaba tupu kwenye hewa ya chumvi inageuka kijani mpaka ndani ya plastiki.

Umeme uchukue moja kwa moja betri, kabla ya swichi kuu. Boti nyingi zinazama zikiwa zimefungwa zimetulia bila mtu, na mtu akiondoka anazima swichi kuu, sasa alamu iliyo nyuma ya swichi hiyo imezimwa pamoja na redio. Boya la kawaida la kunyanyuka halivuti umeme wowote likiwa chini kwa hiyo betri haitaisha.

Maungio ndo mahali alamu zinapofia. Waya wa alamu una umeme muda wote, na ungio lenye umeme likilowa maji ya chumvi linaoza haraka sana. Pandisha maungio yote juu kadiri waya wa boya unavyoruhusu, tumia viunganishi vya kubana kwa koleo lake, alafu vaa ile mipira inayonywea ikipashwa moto yenye gundi ndani. Kusokota waya na kufunga tepu nyeusi hapana. Na acha waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kwenye ungio ili maji yanayotiririka juu yake yadondokee pale chini yasiingie kwenye ungio.

Baza iweke unaposimama wewe, sio kwenye ngama. Funga kwa muda, washa injini, mwambie mtu anyanyue boya wakati unakimbia kasi kabisa upepo unapiga masikioni, ukiisikia bila kutafuta ndo ufunge moja kwa moja. Kama huisikii ongeza taa nyekundu inayowaka pamoja nayo, au nunua baza kali zaidi.

SWALI: Mimi nina boti ya injini ya ndani ya petroli, nimesoma mahali kwamba sio kila kifaa cha umeme kinafaa kuwekwa kule chini. Ni kweli au ni mambo ya wauza vifaa?

Ni kweli dada, na nakuomba hili ulichukulie kwa uzito wake wote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unajaa palepale kwenye ngama, na swichi ya kawaida ikiunganisha inatoa cheche ndogo. Kwenye chumba cha injini ya petroli kila kifaa cha umeme, boya, pampu, fyuzi, kiwe kimeandikwa na mtengenezaji kwamba hakiwashi mvuke. Kama hakijaandikwa usikiweke. Baza na kitufe cha kuijaribia vitoe nje ya chumba hicho. Na siku ya kufunga, fungua vifuniko vyote, washa feni ya kutoa hewa, nusa kwanza, na toa waya wa betri kabla hujakata chochote. Injini ya dizeli haina hatari ya namna hiyo, na injini ya nje ya petroli mara nyingi ngama iko wazi, lakini kama una tangi la petroli chini ya sakafu iliyofunikwa, wewe pia unahusika.

SWALI: Nilifunga alamu mwaka jana. Inalia kila nikikata kona au wimbi likinipiga, watoto wanaogopa, mwisho nikaweka swichi nikaizima. Kosa liko wapi?

Pole mzee mwenzangu, na naomba ukimaliza kusoma hapa uiwashe tena. Kosa mara nyingi ni mojawapo ya haya mawili. La kwanza, kwenye ngama kuna maji mengi ya kawaida ambayo pampu haiwezi kuyamaliza, yale ya mwisho sentimita mbili tatu, yanarushwa mbele na nyuma yanapiga boya. Yatoe kwa sponji kabla ya safari uone kama tabia inabadilika. La pili, boya liko wazi mno, tafuta lenye kifuniko chake au liweke nyuma ya kipande cha ukuta kinachovunja wimbi. Ikishindikana pandisha sentimita mbili, sio kumi.

Kuna pia vifaa vya kielektroniki visivyo na boya linalocheza, vinahisi maji na kusubiri sekunde kadhaa kabla ya kulia, kwa hiyo rusharusha ya wimbi haviijali. Ni vizuri, ila vingine vinavuta umeme kidogo muda wote na vingine vinapotoshwa na utando wa mafuta au uchafu, kwa hiyo vinataka kufutwa mara kwa mara. Mimi bado napenda boya kwa sababu nalinyanyua kwa kidole naona limefanya kazi.

Sasa hiyo swichi ya kuzimia ndo inaninyima raha. Ni kweli unahitaji njia ya kunyamazisha, huwezi kutafuta tundu huku kelele inakupasua kichwa. Lakini swichi ikae kwenye waya wa baza peke yake, na taa nyekundu iunganishwe kabla ya swichi, ili hata ukinyamazisha sauti taa ibaki inawaka mpaka maji yashuke. Alafu baada ya safari angalia swichi imerudi kwenye kuwasha, andika kwa kalamu isiyofutika pembeni yake upande upi ni upi.

SWALI: Naijaribuje bila kuzamisha boti? Na je kile kitufe cha kujaribia kinatosha?

Kitufe kinajaribu baza na waya wa juu tu, boya linaweza kuwa limekwama na nyuzi za uvuvi na kitufe kikalia vizuri kabisa. Kila unapotoka nyanyua boya kwa mkono, ni sekunde tatu. Kila mwezi mwaga maji ya ndoo mpaka lijinyanyue lenyewe, hapo utaona pampu inawaka kwanza, ukitoa fyuzi ya pampu maji yanaendelea kupanda unapoongeza ndoo, na alamu inafuata. Kama boti imewekwa nchi kavu hakikisha umeiweka sawa kwanza, ikiwa imeinama nyuma utapata jibu la uongo.

SWALI: Boti yangu inalala majini mbali na nyumbani. Alamu ikilia usiku nani anasikia?

Huenda hakuna. Weka taa ya kumulika juu ya boti ili majirani wenye boti waone, waachie funguo na namba yako ya simu, na kama bajeti inaruhusu kuna vifaa vyenye laini ya simu vinavyokutumia meseji boya likinyanyuka au volti za betri zikishuka. Hiyo ya volti ni ya thamani sana maana mara nyingi betri ndo inatangulia.

SWALI: Fundi, imelia nikiwa katikati ya maji na familia. Nafanya nini kwanza?

Jaketi za kuokolea, wote, wewe pia, kabla hujafungua sakafu. Alafu washa pampu kwa mkono usilisubiri boya, na mpe mtu mzima mmoja ndoo. Wewe nenda ukaangalie kizibo cha nyuma, kisha kila mpira unaopita ukutani, klipu zake, na pale waya na nyaya za usukani zinapopita nyuma. Yaguse maji na uyaonje kidogo kwenye ncha ya ulimi kama hayana mafuta: ukiwa baharini na maji hayana chumvi ni mvua au tangi lako la maji, yakiwa na chumvi yanaingia kutoka nje, na yakiwa ya vuguvugu kwenye boti ya injini ya ndani angalia mpira wa kupozea injini, hapo ukizima injini mara nyingi maji yanakoma kuingia.

Usipunguze kasi ghafla ukiwa umejaa maji, yote yatakimbilia mbele na wimbi lako la nyuma litakupandia juu, punguza pole pole. Kama tundu liko mbele juu, kukimbia na pua imeinuka kunaweza kuliweka nje ya maji mpaka ufike pwani. Ukilipata tundu liziba kwa chochote, kitambaa kilichofungwa kwenye kipande cha mbao, sponji, fulana, ukipunguza nusu ya maji yanayoingia pampu inaweza kuyamudu yaliyobaki. Na redio, kama unayo, ita chaneli 16, ile ya dharura, mapema ueleze uko wapi na mko wangapi, wakati betri bado iko juu ya maji. Ukija kudhibiti hali unaita tena unawaambia mko salama, hakuna atakayekukasirikia.

Vizibo vya mbao vya umbo la pia, kimoja kwa kila tundu linalopita kwenye ukuta wa boti, vifunge kwa kamba palepale pembeni ya tundu lake. Ukivitupa kwenye sanduku la vifaa, siku hiyo hutalipata sanduku.